Mpini wa pampu upimwe kwa mkono wa anayechota, si wa anayezindua

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wote wanaoagiza, wanaotengeneza na wanaopokea pampu za mkono katika mkoa wetu wa Tanga: kamati za maji za vijiji vya Mkinga, Muheza, Pangani na Handeni, mafundi wa kuchomelea wa Ngamiani, na wahandisi wa maji wa wilaya. Tunachotaka ni kimoja. Kabla pampu haijapokelewa, nguvu inayotakiwa kwenye mpini wake ipimwe kwa mizani, na kipimo hicho kiwemo kwenye mkataba kama inavyokuwemo idadi ya mifuko ya saruji.

Siku ya makabidhiano mgeni rasmi hushika mpini, akapampu mara tatu au nne, maji yakatoka, watu wakapiga makofi. Mara nne si kazi. Chukua silinda ya kawaida yenye kipenyo cha milimita 50, ambayo pistoni yake hupanda sentimita 22.5 kila mpini unaposhuka. Pigo moja linatoa lita 0.44, tena kama hakuna kinachovuja. Ndoo ya lita 20 basi ni mapigo 45. Nyumba inayotumia ndoo tano kwa siku inahitaji mapigo 225, na anayeyapiga ni mama, ni bibi wa miaka 60, ni binti wa darasa la sita ambaye bado ana safari ya kwenda shule. Huyo ndiye mwenye pampu. Mpini uliomridhisha fundi wa kiume mwenye kilo 75 haujatuambia lolote kuhusu binti huyo.

Mkono wa binadamu hauna nguvu moja. Una nguvu nyingi tofauti, kutegemea kiwiko kimekunjwa kiasi gani na unasukuma kuelekea wapi. Mwaka 1955 mtafiti wa Marekani, Hunsicker, alipima nguvu za mikono ya vijana wa kiume waliokaa kitini, kwa pembe mbalimbali za kiwiko, na vipimo vya namna hiyo vikaja kuingizwa katika MIL-STD-1472, kiwango cha usanifu cha jeshi la Marekani kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1968. Kiwango hicho hakimtazami mtu wa katikati. Panga watu mia kwa nguvu zao, kisha mtazame wa tano kutoka mwisho; chombo kisanifiwe yeye akiweze. Kwa kijana huyo, mkono wa kulia ukiwa umenyooka, kuvuta kuelekea kifuani ni karibu kilo 23 za mizani, na kusukuma mbele ni karibu hivyohivyo. Lakini mwambie ainue juu kwa mkono uleule ulionyooka: kilo sita tu. Kusukuma upande wa nje, kilo sita. Na kwa mkono wa kushoto hafikishi hata nne. Akikunja kiwiko hadi pembe mraba, kuinua kunapanda hadi kilo tisa, na kushindilia chini kunafika karibu 12, huku kuvuta kukishuka hadi 17.

Sababu iko ndani ya mkono wenyewe. Msuli wa mbele wa mkono wa juu umejishika kwenye mfupa sentimita nne au tano tu kutoka kwenye kiwiko, ilhali mzigo uko kiganjani, sentimita 35 hivi kutoka hapohapo. Ni wenzo uliokaa kinyume: egemeo ni kiwiko, msuli uko karibu nalo, mzigo uko mbali. Kila kilo moja mkononi inamlazimu msuli kuvuta kilo saba au nane. Mkono ukinyooshwa mbele, bega nalo linaingia kwenye hesabu hiyo, na bega ndilo linalochoka kwanza. Ndiyo maana ndoo ileile huonekana nyepesi ikiwa karibu na tumbo, ikawa nzito ukiisogeza mbele.

Vijana wale walikuwa wanafunzi wa chuo Marekani, wanaume, waliojitahidi mara moja kwa nguvu zao zote. Wanawake kwa wastani wana kati ya nusu na asilimia 60 ya nguvu za mikono ya wanaume. Kwenye miguu pengo hilo ni dogo zaidi. Juu ya hapo kuna uchovu. Mtu akishikilia nusu ya nguvu zake zote, hadumu zaidi ya dakika moja hivi. Ili aendelee kwa muda mrefu inabidi ashuke hadi karibu asilimia 15. Kwa kazi ya kurudiarudia yenye kupumzika kidogo kila pigo, kama kupampu, wasanifu hawazidi theluthi moja. Ukichukua kilo tisa za kuinua, ukakata kwa nusu, kisha ukachukua theluthi, unabaki na kilo moja na nusu kwa mkono mmoja. Hicho ndicho unachoruhusiwa kumwomba mama ainue kwa misuli ya mkono peke yake, pigo baada ya pigo.

Kushuka chini kuna nafuu kubwa, kwa kuwa anayesimama anaweza kuulalia mpini kwa uzito wa mwili. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya pampu yenye wenzo ni hii: kazi nzito ifanyike mpini ukishuka, na kupanda kuwe kwepesi kiasi cha kurudisha mkono tu. Wengi wanaijua. Kinachowashinda ni hesabu ya uzito unaoning'inia upande wa pili.

Hesabu yenyewe si ngumu. Silinda ya milimita 50 ina eneo la sentimita za mraba 19.6, kwa hiyo kila mita moja ya maji juu yake ni karibu kilo mbili. Mita zinazohesabiwa ni kutoka uso wa maji kisimani hadi mdomo wa pampu. Kina cha silinda hakihusiki hapa, kwa kuwa maji yaliyo nje ya bomba yanasawazisha yaliyo ndani. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kisima kinakabidhiwa wakati wa masika, maji yako mita 18, mzigo ni karibu kilo 35, kila mtu anafurahi. Kiangazi kikikolea, kwa mfano, maji yanashuka hadi mita 28, mzigo unakuwa kilo 55, na wakati huohuo foleni imerefuka kwa sababu visima vya jirani vimekauka. Pampu ni ileile, fundi ni yuleyule, lakini mpini umekuwa mwingine kabisa.

Ongeza fimbo za pampu, zile zinazounganisha mpini na pistoni. Chuma cha milimita 10 kina gramu 617 kwa kila mita. Silinda ikiwa mita 35 chini, fimbo zina kilo 21 na ushei. Ndani ya maji zinapungua kidogo, tuseme 19. Jumla kiangazi ni kilo 74. Wenzo wa uwiano wa nne kwa moja, yaani upande wa mshikaji una urefu mara nne ya upande wa fimbo, unakuletea kilo 18.5 mkononi, kabla ya msuguano wa bushi na washa za pistoni. Mtoto wa kilo 30 anatakiwa aulalie mpini kwa zaidi ya nusu ya uzito wake, mara 45 kwa ndoo moja. Ndiyo sababu unawaona watoto wawili wameng'ang'ania mpini mmoja huku miguu ikiacha ardhi. Watu wazima husema wanacheza. Hawachezi. Na mpini ukiwaponyoka ukaruka juu, unakutana na kidevu cha aliyesimama nyuma.

Uzito wa fimbo unaweza kuondolewa bila gharama ya maana. Mwisho wa mpini, upande wa mshikaji, uwe mzito kiasi cha kusawazisha fimbo: kilo 19 ukigawa kwa nne ni karibu kilo tano. Nondo nene au kipande cha chuma kigumu kilichochomelewa mwisho wa mpini kinatosha. Usizidishe, maana kila kilo ya ziada mama atailipa kwa kuinua. Alama ya kuwa umepatia ni kwamba bomba likiwa tupu, kabla maji hayajapanda, mpini unatulia katikati wenyewe.

Maji yenyewe hayana njia ya mkato. Kilo 55 kwa uwiano wa nne ni karibu 14, weka mbili za msuguano, 16. Unaweza kusogeza egemeo uwiano ukawa sita: inashuka hadi tisa, na kwa msuguano ni 11. Lakini ukiacha pigo la pistoni lilelile la sentimita 22.5, mkono utatakiwa kusafiri sentimita 135, kutoka magotini hadi juu ya kichwa, na mkono uliopita bega umeshapoteza nguvu. Safari ya mkono isizidi sentimita 90, nazo ni nyingi tayari. Kwa hiyo pigo la pistoni linapungua hadi sentimita 15, na ndoo inakuwa mapigo 68 badala ya 45. Sisi tunasema heri mapigo 68 yanayowezwa na kila mtu kuliko 45 yanayowezwa na wanaume tu. Kamati isipoelezwa hivyo italalamika kuwa pampu mpya "inatoa maji kidogo", halafu atatokea mtu na kipande cha bomba arefushe kile kipande kifupi kati ya egemeo na fimbo, na kazi yote itarudi ilikokuwa.

Kwenye visima vifupi vya pwani kuna zile pampu zisizo na wenzo, zenye mpini wa herufi T unaovutwa juu na kushuka moja kwa moja, kama NIRA. Hizi kina chake kina mpaka, na mpaka huo ni mikono ya watu: mita 12 hadi 15, basi. Ubora wake umejificha kwenye fimbo. Fimbo ni bomba la plastiki lililozibwa, lina hewa ndani na linaelea. Likiwa na karibu nusu ya eneo la bomba kubwa, kazi inagawanyika: maji ya mita 12 katika bomba la milimita 50 ni kilo 24, na mchotaji anainua kama 12 akipanda, anashindilia kama 12 akishuka. Kiungo kimoja cha fimbo hiyo kikipasuka, maji yanaingia ndani. Sasa kilo zote 24 ziko kwenye kupanda, tena bila wenzo wowote, na kupanda ndiko mkono unakokuwa dhaifu. Maji bado yanatoka vizuri, kwa hiyo kwenye daftari pampu imeandikwa nzima. Dalili ni rahisi: pampu nzima ukiuachia mpini hutaka kupanda, iliyoingia maji, mpini huzama wenyewe. Toa fimbo, tikisa kipande kimoja kimoja karibu na sikio. Utasikia maji yanacheza ndani ya kile kilichopasuka.

Unene wa mpini nao unadharauliwa. Mafundi wengi huchomelea nondo ya milimita 12 au 16 kwa sababu ndiyo iliyobaki karakanani. Nondo nyembamba inabana nyama ya kiganja kwenye mstari mmoja, vidole vinajikunja kupita kiasi na kupoteza nguvu, na mikono ikilowa mpini unazunguka ndani ya kiganja. Mshiko mzuri ni kati ya milimita 30 na 40. Bomba la maji la inchi moja lina milimita 33 na kitu kwa nje, limekaa pale pale. La nusu inchi lina 21 tu, jembamba mno. La inchi mbili lina 60, na vidole vya mwanamke haviwezi kulizunguka. Kipande cha msalaba kiwe na upana wa sentimita 35 hadi 40 mikono miwili ikae sambamba, ncha zake zizibwe na kusuguliwa. Kiganja kikae sawa na mkono, kisijipinde, kwa kuwa kiganja kilichopinda kinapoteza sehemu kubwa ya nguvu ya kushika.

Sasa upimaji. Inatakiwa mizani ya ndoano ya kilo 50, ileile ya sokoni, ila kwanza ihakikiwe kwa ndoo yenye lita 20 za maji zilizopimwa sawasawa. Ndoano ifungwe kwa kamba mwisho wa mpini, pale hasa mkono unaposhika, kisha mtu avute chini polepole bila mshtuko. Kuna namba mbili za kusoma: ya kuanza, mpini unapoondoka kwenye utulivu, na ya katikati ya safari. Ya kuanza huwa kubwa, na ndiyo inayoumiza. Rudia mara tatu, andika kubwa kuliko zote. Pima na nguvu ya kuuinua mpini pia, mizani ikiwa juu. Tarehe iandikwe pamoja na kina cha maji siku hiyo, vinginevyo namba haina maana. Kiangazi kikikaza, rudi upime tena.

Kamati inayotaka kujua watu wake wanaweza kiasi gani inaweza kupima watu kwa mizani hiyohiyo. Ifungwe kwenye nguzo chini, mpini wa mkononi uwe kimo cha kiwiko. Waitwe wachotaji 20 wa kweli, na wasichaguliwe wenye misuli. Kila mmoja apandishe nguvu taratibu kwa sekunde mbili, ashikilie tatu, na namba aliyoishikilia ndiyo ihesabiwe. Apumzike dakika mbili, arudie. Katika watu 20, chukua namba ya aliye dhaifu kuliko wote, gawa kwa tatu. Hiyo ndiyo namba ya kumpa fundi. Pale ambapo upimaji huo haujafanyika, sisi tunapendekeza mpini wa wenzo usidai zaidi ya kilo 12 kushuka na kilo tatu kupanda kwa mikono miwili, katika mwezi mkavu kuliko yote.

Maji yakishatoka kuna kutwika. Ndoo iko chini, sakafu ya zege ya pampu inamzuia mama kusogea, kwa hiyo mikono inakaa sentimita 50 mbele ya miguu. Kwa kanuni ya kunyanyua ya NIOSH, taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, iliyorekebishwa mwaka 1991, kikomo ni kilo 23 katika hali nzuri kuliko zote, mzigo ukiwa sentimita 25 kutoka kwenye vifundo vya miguu. Kwa umbali wa 50 kinakatwa nusu, na ukiongeza kuinua kutoka chini hadi kichwani kinabaki kilo nane au tisa hivi. Ndoo ina 20. Jengeni kando ya pampu kibaraza cha kimo cha sentimita 60, chembamba, ambacho mtu anaweza kukisogelea hadi mwili ugusane nacho. Ndoo ikishapumzishwa hapo, kikomo cha kuitwika kinapanda hadi karibu 16. Bado haitoshi, kwa hiyo mwenzake amtwike. Lakini matofali ishirini na mfuko mmoja wa saruji vimeshapunguza zaidi ya nusu ya pengo.

Hesabu hizihizi zinafaa kwa winchi za visima vya kamba. Gogo la kuzungushia kamba la kipenyo cha sentimita 20 na mkono wa sentimita 35 vinashusha ndoo ya kilo 21 hadi kilo sita mkononi, ekseli ikipakwa grisi. Kamba ikipanda safu ya pili juu ya ile ya kwanza, gogo limenenepa na kilo zinaongezeka, kwa hiyo gogo liwe refu kamba ikae safu moja. Ekseli iwe kimo cha mita moja hivi. Na winchi isiyo na meno ya kuzuia kurudi nyuma isipokelewe kabisa: mkono ukiteleza, ndoo inaporomoka, mkono wa chuma unazunguka kwa kasi na kuvunja mifupa ya aliyesimama karibu. Chuma cha kuzuia ni kipande cha bapa chenye urefu wa kidole na pini moja.

RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, pamoja na vyombo vya watumia maji vijijini, wanaandaa zabuni kila mwaka. Tunawaomba waongeze mistari mitatu: nguvu ya juu kabisa kwenye mpini wakati wa kushuka na wa kupanda, kina cha maji ambacho nguvu hiyo imehesabiwa, na kipenyo cha mshiko. Upimaji ufanyike mbele ya kamati, na aliyeshika mpini awe mmoja wa wanaochota hapo. Sehemu ya mwisho ya malipo ya mkandarasi ibakizwe hadi upimaji wa kiangazi. Namba hizo ziandikwe kwa rangi kwenye kichwa cha pampu, ili fundi atakayekuja kuifungua miaka minne baadaye ajue mpini ulikuwa mzito kiasi gani ulipokuwa mzima, na binti anayesema "siku hizi inanishinda" aaminiwe.

Ni sisi,
Mafundi mitambo na wakufunzi wa ufundi,
Ngamiani, Tanga